CHAMA KIKITOKA IKULU KINABAKI NA NINI?



Chama cha siasa kinaposhindwa uchaguzi, hofu yake kubwa si kukaa miaka mitano bila madaraka. Hofu kubwa ni kwamba hakitarudi tena, na kwamba kila uchaguzi utakaokuja utakikuta kidogo kuliko ule uliopita, mpaka kibaki jina na bendera tu. Hofu hiyo si ya bure. Nchi ya Zambia imetuonyesha jambo hilo waziwazi, na mafunzo yake si ya wanasiasa peke yao. Yanatuhusu sana sisi wa vyama vya wafanyakazi.

Chama cha UNIP, chini ya Ndugu Kenneth Kaunda, ndicho kilichoipatia Zambia uhuru mwaka 1964. Tangu mwisho wa mwaka 1972 kikawa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Kilikuwa na matawi mijini na vijijini. Vijana wake walikagua kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na mtu aliyetaka kuuza nyanya zake kwa amani alinunua kadi. Vitabu vya chama vilijaa majina. Ungewauliza viongozi wake wakati ule, wangekuambia kuwa nchi nzima ni yao.

Juni 1990 serikali ilipandisha sana bei ya unga wa mahindi. Wananchi wakaingia barabarani, na watu wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata ikaanzishwa MMD, na baadaye uongozi wake akapewa Frederick Chiluba, aliyekuwa mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ZCTU. Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Katika viti 150 vya bunge, MMD ilipata 125 na UNIP ikabaki na 25. Ndugu Kaunda alikubali matokeo na kukabidhi nchi kwa amani. Heshima hiyo hatuwezi kumnyima.

Baada ya hapo hofu ikaanza kazi yake. Mwaka 1992 UNIP ilichagua kiongozi mpya, Kebby Musokotwane. Lakini chama chenye hofu hukimbilia mkono kilichouzoea, na mwaka 1995 kikamrudisha Mzee Kaunda. Mwaka 1996 serikali ya MMD ikabadili katiba ili mtu ambaye wazazi wake hawakuzaliwa Zambia asigombee urais. Wazazi wa Kaunda walitoka Malawi. Huo ulikuwa uonevu, na tuuite kwa jina lake. UNIP ikajibu kwa kususia uchaguzi. Kiliporudi uwanjani mwaka 2001, mgombea wake alikuwa Tilyenji Kaunda, mtoto wa Mzee, na chama kikapata viti 13. Mwaka 2011 mgombea huyo huyo hakufikisha hata kura moja katika kila mia.

Wako watakaosema kuwa UNIP iliuawa na hila za MMD. Basi na tuitazame MMD yenyewe. Iliondolewa madarakani mwaka 2011 na chama cha PF cha Michael Sata, na hakuna aliyeibadilishia katiba. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2015 mgombea wake naye hakufikisha kura moja katika mia. Chama kilichotawala miaka ishirini kiliyeyuka katika muda wa miaka minne. PF nayo ilishindwa Agosti 2021, na miaka iliyofuata wakubwa wake wakawa wanagombania uongozi mpaka mahakamani.

Kwa maoni yangu ugonjwa ni mmoja. Vyama hivi vilihesabu kadi, havikuhesabu watu. Gari lilikuwa la serikali, mafuta ya serikali, na woga wa mwananchi ukaitwa uaminifu. Serikali ilipoondoka, kila kitu kiliondoka nayo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Tukumbuke pia kwamba Januari 1981, UNIP ikiwa bado na nguvu zake zote, iliwafukuza uanachama viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Wachimba madini wa Copperbelt waligoma. Mwaka huo huo Chiluba na wenzake wakawekwa kizuizini, wakatoka, na umoja wao ukaendelea. Uliwezaje kuendelea? Ni kwa sababu mchimba madini alimjua kiongozi wa tawi lake, na hakumpenda kwa kuogopa kukaguliwa kadi.

Sasa, ndugu zangu, tusicheke ya jirani. Mimi nimefanya kazi katika shamba la chai tangu ujana wangu. Tawi letu lilikuwa na mamia ya wanachama kwenye karatasi, kwa sababu ada ilikatwa kwenye mshahara. Mwaka mmoja tuligombana na mwajiri juu ya uzito wa mizani, naye akasimamisha makato. Nikachukua daftari, nikapita kambi kwa kambi kuomba ada mkononi. Mwezi wa kwanza hawakufika ishirini waliotoa. Mama mmoja mchumaji aliniambia: "Mwanangu, mimi sijui kama ni mwanachama. Sijawahi kukuona hapa ila leo." Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na aibu. Mwajiri hakutuvunja. Alifunua tu kilichokuwa kimeoza.

Tulilijenga tawi upya kwa miguu. Tuliitisha mkutano kila mwezi, tukasoma hesabu mbele ya wote, na wasimamizi wa tawi wakachaguliwa upya, mimi nikiwa mmoja wa walioachia kiti. Makato yalipokuja kurudishwa, yalikuta watu.

Kuna onyo la pili. Wenzetu wa Zambia walimpeleka kiongozi wao Ikulu, wakadhani wamefika. Serikali yake ndiyo iliyouza migodi ya shaba, na maelfu ya wachimba madini wakapoteza kazi. Chama cha siasa, hata kikiongozwa na mtu aliyetoka kwetu, kina njaa yake. Tushirikiane nacho tunapokubaliana, lakini tusikikabidhi nyumba yetu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wote wa matawi wajiulize swali moja kabla ya mwezi huu kwisha: makato yakisimama kesho, ni wangapi watakuja na ada yao mkononi? Idadi hiyo, hata iwe ndogo namna gani, ndiyo chama chetu. Tuanzie hapo.

Umoja wa wafanyakazi udumu!