Ndege wa Pemba mwenye jina la mwanasheria: nani huamua ndege aitwe nani?

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi tunaliona dogo: majina ya ndege. Msikilizaji wa Ngara au Biharamulo anaweza kuuliza, jina la ndege litanipunguzia bei ya mbolea? Hapana. Lakini jina linaweza kuamua kama ndege atahesabiwa au atasahaulika, na kama msitu anaoishi utaonekana una thamani. Ndiyo maana tumeona tulieleze taratibu.

Tuanze na ndege mwenyewe

Ni ndege mdogo kuliko shomoro. Mgongo wake ni kijani, tumbo ni njano, na jicho limezungukwa na duara jeupe kama amevaa miwani. Hutembea kwa makundi kwenye miti, akila wadudu na matunda laini, huku akiita kwa sauti nyembamba. Kwetu Kagera jamaa zake wapo, na wapo sehemu nyingi za Afrika, Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wataalamu wanalihesabu kundi hili kuwa na spishi zaidi ya 100. Wote wana jina moja la kwanza, Zosterops, linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mshipi na jicho.

Mmoja wao anaishi kisiwani Pemba tu. Hayupo Tanga, hayupo Unguja. Huyu ndiye Zosterops vaughani. Anaonekana kwenye bustani, kwenye mikarafuu na kwenye msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa.

Kwa nini Pemba iwe na ndege wake?

Jibu liko chini ya bahari. Unguja iko kwenye maji ya kina kifupi. Zamani za baridi kali duniani, maji mengi yalipoganda kuwa barafu, bahari ilishuka kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeungana na bara. Wanyama na ndege walipita. Pemba ni tofauti. Iko umbali wa kilomita kama 50 kutoka bara, na mkondo unaoitenga una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki kisiwa hata wakati huo.

Ndege wachache waliofika Pemba walizaliana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi vingi, wakabadilika kidogo kidogo. Leo kisiwa hicho kina aina nne za ndege wasiopatikana kwingine kokote: huyu mwenye duara jichoni, chozi wa Pemba, ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba.

Jina la Vaughan lilitoka wapi?

John Henry Vaughan alikuwa mwanasheria Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar enzi za ukoloni, na alipenda sana ndege. Mwaka 1924 mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la London, David Bannerman, alitangaza kwa maandishi kwamba ndege huyu wa Pemba ni wa aina yake, akampa jina la Vaughan. Herufi "i" mwishoni ina maana ya "wa": ndege wa Vaughan. Chozi wa kisiwa hicho alipata bahati nyingine. Mjerumani Anton Reichenow alipomtangaza mwaka 1905 alimwita pembae, yaani wa Pemba.

Utaratibu ulikuwa ule ule, na kwa sehemu kubwa ndio huo mpaka leo. Anachukuliwa ndege mmoja wa mfano na kuhifadhiwa, analinganishwa na wengine, kisha sifa zake zinachapishwa pamoja na jina la maneno mawili. Mfumo huu tunahesabu ulianza na Msweden Carl Linnaeus, kwa kitabu chake cha mwaka 1758. Majina mawili yakigongana kwa ndege mmoja, kwa kawaida lililotangulia kuchapishwa ndilo linashinda.

Hapo ndipo tunapoona tatizo la kwanza. Watu wa Pemba walimjua ndege huyu kabla ya Vaughan kuzaliwa. Lakini jina la mdomoni halikuwa na nafasi kwenye daftari la Ulaya. Aliyeandika kwanza ndiye aliyeita.

Na huku kwetu?

Historia hiyo hiyo ilipita Kagera. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alijenga kituo Bukoba. Katika msafara wake alikuwamo Franz Stuhlmann, aliyekusanya mimea na wanyama njiani. Mwaka 1892 Reichenow alimtaja Stuhlmann katika jina la ndege wa kundi hili hili la duara jeupe: Zosterops stuhlmanni, anayepatikana Uganda na kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Kwa miaka mingi vitabu vilimshusha ndege huyo hadhi, akawekwa kama tawi tu la ndege wa njano anayeenea Afrika nzima. Miaka ya karibuni orodha kubwa za ndege duniani zimemrudisha kuwa spishi kamili.

Kupandishwa hadhi kuna faida gani?

Fikiria wilaya inapomegwa. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Ilipokuwa wilaya, na mwaka 2012 ikaingia Mkoa wa Geita, watu walikuwa wale wale na ardhi ile ile. Lakini tangu siku hiyo ina hesabu yake, bajeti yake na ofisi yake. Kabla ya hapo, shida za Chato zilizama ndani ya wastani wa Biharamulo.

Kwa ndege ni hivyo hivyo. Orodha Nyekundu ya dunia, inayoonyesha viumbe walio hatarini, huwapima ndege kwa spishi. Ndege akihesabiwa kama tawi la mwingine aliyejaa Afrika nzima, jibu litakuwa "hana shida", hata kama kwenye kilima chake wamebaki wachache.

Mfano uko jirani, Kenya, kwenye milima ya Taita. Huko yuko ndege wa kundi hili mwenye duara jeupe pana, anayeishi kwenye vipande vidogo vya msitu vilivyobaki vileleni. Alipewa jina mwaka 1935, kisha akaunganishwa na ndege wengine wa milimani wanaofanana naye. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndege hao wa milima ya Kenya na Tanzania wanafanana kwa sababu wanaishi kwenye baridi ya aina moja, si kwa sababu wote ni ndugu wa karibu. Kilele cha mlima kilichozungukwa na nyanda kavu ni kisiwa, sawa na Pemba. Leo ndege wa Taita anatambulika peke yake, na udogo wa makazi yake unaonekana wazi.

Si kila mgawanyo una maana. Wataalamu wenyewe hubishana mpaka uwekwe wapi, na kila aina mpya inahitaji fedha za uhifadhi ambazo tayari ni chache. Mwaka 2025 walichapisha orodha moja ya pamoja yenye spishi 11,131 za ndege, ili angalau wote wasome daftari moja. Hata hiyo itaendelea kurekebishwa.

Majina ya wakoloni yabadilishwe?

Mjadala huu unaendelea. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kuondoa majina ya watu kwenye majina ya Kiingereza ya ndege wa huko. Mwaka 2024 wataalamu wa mimea, mkutanoni Madrid, waliamua kurekebisha majina zaidi ya 200 ya kisayansi yenye neno la kuwatukana watu weusi. Lakini tume inayosimamia majina ya kisayansi ya wanyama imesema haitabadilisha majina kwa sababu za aina hiyo, kwa kuwa kumbukumbu zote zitavurugika.

Mtazamo wetu ni huu. Jina la kisayansi ni kama namba ya kitambulisho: kazi yake ni kuhakikisha aliye Ngara na aliye Tokyo wanazungumzia ndege mmoja. Liacheni libaki. Lakini tume hiyo haina mamlaka juu ya Kiswahili, Kihangaza, Kishubi, Kisubi wala Kihaya. Hayo ni yetu, na hayo ndiyo yanayopotea. Mzee akifariki bila kumwambia mjukuu jina la ndege, hakuna jumba la makumbusho linalolihifadhi.

Tangu mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Kijana anayetaka kuwa mwongoza watalii atahitaji majina yote mawili: la kisayansi, ili aaminike, na la nyumbani, ili awe na la kusimulia ambalo mgeni hawezi kulipata kitabuni.

Simu unayosomea makala hii ina kinasa sauti. Jioni hii mwulize bibi au babu majina ya ndege watano. Rekodi jina, lugha, kijiji, rangi ya ndege, anakula nini na analiaje. Kama ndege wawili wana jina moja, sema hivyo. Kama ndege mmoja ana majina mawili, ngambo moja ya mto na ngambo ya pili, sema pia. Vaughan amekumbukwa miaka mia moja kwa sababu kuna mtu aliandika. Na sisi tuandike.