Gitaa la koni: usinunue mng'aro

Kuna aina ya gitaa linalong'aa kama sufuria mpya, na mbele yake lina mfuniko wa chuma wenye matundu. Wengi wetu tuliliona kwanza kwenye jalada la albamu ya Dire Straits, Brothers in Arms, ya mwaka 1985. Linaitwa rezoneta. Jamaa zangu wanaopiga gitaa wananiuliza walinunueje, maana wanataka kupiga kwa kutelezesha chupa juu ya nyuzi. Jibu langu ni moja: usinunue mng'aro, nunua koni.

Tuanze na historia kidogo. Miaka ya 1920, mpiga gitaa aliyekaa karibu na tarumbeta hakusikika. George Beauchamp, mwanamuziki wa Los Angeles, akamwendea fundi John Dopyera, mhamiaji kutoka Slovakia. Dopyera akatengeneza gitaa la chuma lenye koni tatu nyembamba za aluminiamu ndani, zinazotikisika kama spika. Likauzwa kwa jina la National. Baadaye Dopyera akajitoa, na yeye na ndugu zake wakaanzisha Dobro. Halafu miaka ya 1930 likaja gitaa la umeme, na kati ya walioliunda yumo Beauchamp huyohuyo!

Sasa jiulize: kama kelele unaipata kwenye amplifaya, rezoneta ya nini? Ni kwa ajili ya sauti yake tu. Na sauti hiyo inatoka kwenye koni.

Koni moja yenye kipande cha mti juu yake, kinachoitwa biskuti, hutoa sauti kali, ya kugonga, inayokatika upesi. Hiyo ndiyo sauti ya bluzi ya Mississippi, ya kina Son House. Koni iliyopinduliwa kama bakuli, yenye daraja la miguu kama buibui, ndiyo Dobro. Sauti yake hutokea puani na hudumu zaidi. Msikilize Jerry Douglas. Koni tatu ni laini na hukaa muda mrefu. Tampa Red alipiga hizo.

Jambo la pili ni shingo. Shingo ya mraba ina nyuzi zilizoinuliwa sana, gitaa unalilaza mapajani. Huwezi kubonyeza nyuzi kwa vidole hata kidogo. Anayetaka kuvaa chupa kidoleni na bado apige kodi za kawaida, achukue shingo ya mviringo. Ukikosea hapa, hakuna fundi wa kukuokoa kwa bei rahisi.

Na pesa je? National mpya kutoka California ni maelfu ya dola. Za viwanda vya Asia ni mamia. Kwa sisi tunaoishi kwa mshahara wa gazetini, hata hayo mamia ni kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema anza na gitaa kavu ulilonalo. Tafuta kile kipande cha chuma kinachovikwa kichwani pa shingo kuinua nyuzi, tyuni D, G, D, G, B, D kuanzia uzi mnene, kisha teleza miezi sita. Ukiona bado una hamu, nenda dukani.

Ukifika huko, beba chupa yako mwenyewe. Piga kila uzi, taratibu halafu kwa nguvu, usikilize kama kuna kitu kinachochakarika ndani. Koni iliyobonyea hujitangaza. Tazama kama shingo imenyooka. Na ukishalinunua, badilisha uzi mmoja mmoja, kwa sababu koni inashikiliwa na mkazo wa nyuzi hizohizo. Ukizilegeza zote kwa pamoja, inaweza kuhama.

Muuzaji atakusifia rangi na michoro. Mwambie akuoneshe koni kwanza. Haya, kazi kwenu.