Mhadhiri Asiachwe Peke Yake Atungapo Kozi

Katika nchi yetu ya Tanzania, mtu atakaye kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuhesabu hana budi kupita kwanza katika chuo cha ualimu, akafunzwa namna ya kupanga somo, namna ya kuuliza swali, na namna ya kupima kama mtoto amefahamu. Walakini yule atakayewafundisha watu wazima, ambao kesho watakuwa mahakimu wetu, waganga wetu na wahandisi wetu, aghalabu huajiriwa kwa sababu ya alama zake njema na tasnifu yake, kisha hukabidhiwa kozi yenye jina na namba, akaambiwa aitunge na kuifundisha muhula ujao. Hapana amwulizaye kama amepata kufunzwa ufundi huo, na katika vyuo vingi hapana aliyewekwa kwa ajili ya kumsaidia. Rai yangu ni kwamba hiyo ni dhuluma kwa mhadhiri na kwa mwanafunzi pia, na kwamba kila chuo kikuu chapaswa kuwa na wasanifu wa mafunzo, watu wa ajira ya kudumu, ambao kazi yao ni kuketi na mhadhiri tangu kozi ingali wazo mpaka imekwisha kufundishwa na kupimwa.

Mjuzi aliyezama katika ilimu yake kwa miaka mingi huwa amekwisha kuzisahau ngazi alizopandia, hata yale yaliyompa taabu alipokuwa mwanafunzi leo huyaona kuwa ni bayana, asidhani kwamba yanahitaji kuelezwa. Kwa hiyo huanza kwa kuorodhesha mada zote azijuazo, akazigawa kwa majuma ya muhula, na mwisho akatunga mtihani katika yale aliyopata nafasi ya kuyasema. Msanifu wa mafunzo humrudisha kwenye swali la awali: mwanafunzi akitoka katika kozi hii, ataweza kutenda nini asichokiweza leo? Likishajibiwa hilo, ndipo huulizwa ni ushahidi gani utakaothibitisha kwamba anaweza, ni mazoezi gani yatakayomfikisha huko, na kwa utaratibu upi. Maswali haya si mageni, kwani Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1949, na Benjamin Bloom na wenzake wakazipanga daraja za ufahamu mwaka 1956, kuanzia kukumbuka tu hata kufikia kutoa hukumu.

Tutazame, mathalani, kozi ya sheria ya mikataba. Mhadhiri asema ataka mwanafunzi aweze kuusoma mkataba wa kupangisha nyumba akaiona kasoro yake, lakini mtihani wauliza maana ya mkataba na nguzo zake, na mihadhara yote ni ya kunakili. Msanifu haijui sheria hiyo, wala haimpasi kuijua. Yeye huona kwamba lengo, zoezi na mtihani havipatani, akashauri kwamba tangu majuma ya mwanzo wanafunzi wapewe mikataba yenye kasoro waichambue kwa makundi, na mtihani nao uwape mkataba wasioupata kuuona.

Iko pia hesabu ya wakati. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hata kozi ya krediti 12 ikawa saa 120, ambazo mihadhara haichukui nusu yake. Saa zinazobaki ni za kusoma, kuandika, kujadiliana na kufanya mazoezi, nazo aghalabu hazina aliyezipanga, kwa kuwa mhadhiri alifikiri juu ya zile za ukumbini tu; ndipo mwanafunzi hununua notisi steshenari akazikariri zinapokaribia siku za mtihani, kisha tukamlaumu kwamba hajui kufikiri.

Wenzetu wameuona upungufu huu zamani. Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, kilifungua mwaka 1962 kituo cha kuwasaidia wahadhiri wake katika kazi ya kufundisha. Na Uingereza ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1969, kozi ilitungwa na jopo la wataalamu wa somo, wataalamu wa ufundi wa kufundishia, wahariri na watayarishaji wa vipindi wa BBC, rasimu ikapita mikono yote hiyo kabla haijamfikia mwanafunzi. Nasi, tulipokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, tulikiri kwamba mwanafunzi aliye mbali ahitaji kozi iliyotungwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa nini basi yule aketiye ukumbini pamoja na mamia ya wenzake, asiyepata hata nafasi ya kuuliza swali moja, adhaniwe kuwa hahitaji uangalifu huo?

Vyuo vilipofungwa mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wahadhiri wengi walioambiwa kuhamishia kozi mtandaoni walipakia slaidi na notisi, kwani hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha kwamba kozi ya mtandaoni hutungwa upya. Na dawa inayotolewa mara nyingi ni semina ya siku mbili, ambamo mhadhiri huonyeshwa vitufe vya Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, akapewa cheti, kisha akarudi ofisini kukabili kozi yake peke yake.

Wako watakaosema kwamba msanifu ataingilia uhuru wa mhadhiri. Nahodha hodari hapungukiwi na heshima amwitapo fundi kukitengeneza chombo chake, na safari hubaki yake. Kadhalika yaliyomo katika kozi ni amana ya mhadhiri, na msanifu hana amri juu yake. Wengine watasema hapana fedha. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania chini ya mradi wa HEET, na kupitia upya mitaala ni mojawapo ya makusudi yake. Lakini mtaala mpya, hata uwe mzuri namna gani, ukikabidhiwa mhadhiri asiye na msaidizi utafundishwa kama ulivyofundishwa ule wa zamani.

Kwa hiyo naziomba baraza za vyuo vyetu ziajiri wasanifu wa mafunzo, japo wawili watatu kwa kuanzia, na zihesabu saa za kutunga kozi kuwa sehemu ya kazi ya mhadhiri; kupandishwa cheo kutazame ubora wa kozi aliyoitunga kama kunavyotazama makala alizochapisha; na Tume ya Vyuo Vikuu, inapokagua programu, iulize pamoja na majengo na vitabu, ni nani aliyemsaidia mhadhiri kuipanga. Nanyi wazazi mnaolipa ada, nanyi wanafunzi mtakaoilipa mikopo kwa miaka mingi, liulizeni swali hilo kwa adabu, na msichoke kuliuliza mpaka mjibiwe.