Barza isile nyumba: tulinde mguu wa ukuta wa mbao



Hapa kwetu Butembo na Beni, nyumba ya mbao ikishapata manjanja, kitu kinachofuata ambacho mama anatamani ni barza ya simenti. Ni haki yake. Barza inaondoa matope mlangoni. Watoto wanafanya kazi zao za masomo pale, mgeni anakaribishwa pale, na mwenye kuuza makala na mafuta anapanga vitu vyake pale. Wengi wetu tunailipa kwa pesa ya AVEC, tuliyoweka kidogo kidogo kila juma. Kwa hiyo inaumiza kuona barza hiyo hiyo inamaliza nyumba: mvua za miaka michache tu, halafu unasukuma ubao wa chini na kidole kinaingia.

Watu watasema mbao zilikuwa mbaya. Mara nyingi shida si mbao wala simenti, bali ni namna vilivyokutanishwa.

Simenti inakunywa maji

Tunaona simenti ngumu kama jiwe, na tunafikiri maji hayapiti. Fanyeni jaribio hili na watoto. Weka maji kidogo katika sahani, changanya na wino, kisha simamisha kipande cha chaki ndani yake. Baada ya dakika chache rangi inapanda, ingawa maji hayakumwagiwa juu. Simenti na matofali vinafanya vilevile: vinavuta maji ya udongo na kuyapandisha polepole. Ubao uliolala juu yake unayapokea.

Tena, ubao unakunywa haraka zaidi kwa kichwa chake, pale msumeno ulipokata, kuliko kwa ubavu. Na ile miti inayosimamisha ukuta, vichwa vyake ndivyo vinavyoelekea chini kwenye barza.

Kinachoozesha ubao ni kuvu, na kuvu haiishi katika ubao mkavu. Ubao ukilowa asubuhi na kukauka mchana, hakuna hatari kubwa. Hatari ni maji yanapofungiwa mahali ambapo jua na upepo havifiki. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, kuna baridi na ukungu, kwa hiyo kitu kilicholowa kinachelewa kukauka. Beni iko chini zaidi, kuna joto na pori liko karibu, kwa hiyo kuvu na mchwa wanafanya kazi haraka.

Mambo manne ya kumwambia fundi

La kwanza: barza ikae chini kuliko mbao. Kati ya uso wa barza na ubao wa kwanza ibaki nafasi ya sentimita 15 hivi, karibu urefu wa kalamu ya bic. Nafasi hiyo ijengwe kwa mawe au matofali yaliyochomwa vizuri, ndipo ukuta wa mbao uanzie juu yake. Wenzetu wa Goma wanajua jambo hili: baada ya volkano ya Januari 2002 wengi walijenga upya kwa mbao, wakizikalisha juu ya msingi wa mawe ya lava. Huko Norwei, kanisa la mbao la Borgund limesimama tangu karibu mwaka 1200, na mbao zake zinalala juu ya mawe, hazigusi udongo.

La pili: barza iinamie nje. Kwa kila mita moja, ishuke sentimita 2. Barza ya mita moja na nusu itashuka sentimita 3. Fundi akimaliza na simenti ikikauka, mwaga ndoo ya maji karibu na ukuta mbele yake. Maji yakikimbilia uani, kazi ni nzuri. Yakisimama au yakirudi ukutani, arekebishe kabla hujamaliza kumlipa.

La tatu: mbao na simenti visigusane. Juu ya mawe au matofali, chini ya mti unaolala, litandikwe plastiki nene au ipakwe lami, ili maji yanayopanda yakomee pale. Kisha kipande cha bati kikunjwe kama kiwiko: sehemu ya juu iingie nyuma ya ubao wa kwanza, sehemu ya chini itoke nje na kushuka mbele ya mawe. Bati likipigiliwa mbele ya ubao, maji yanateremka ukutani na kuingia nyuma yake, na hapo umeyatengenezea kisima.

La nne: manjanja yapite ukingo wa barza. Maji ya paa yakianguka juu ya simenti yanaruka na kupiga ukuta kila mvua. Kama paa ni fupi, weka mfereji wa bati unaopeleka maji katika pipa. Hapo umelinda ukuta, na umepata maji ya kufua.

Kama barza iko tayari

Chukua kisu, choma ubao wa chini mahali mbalimbali. Kikiingia kwa urahisi, pale pameoza. Tazama pia njia ndogo za udongo za mchwa kwenye ufa kati ya simenti na ubao. Usifunike mahali palipooza kwa simenti: utafungia maji ndani, na uozo utaendelea bila wewe kuona. Fundi wa mbao anaweza kuegemeza paa, kukata mguu ulioharibika, na kujenga matofali pale chini.

Mama anayepangisha anaweza kufanya mengi bila pesa: kuondoa udongo, kuni na magunia yanayoegemea ukuta, kuhamisha mahali pa kufulia, kuchimba mfereji mdogo wa kutoa maji uani. Kwa kazi inayohitaji pesa, patana kwanza na mwenye nyumba juu ya nani atalipa, na muandike.

Jambo hili linagusa pia vifua vya watoto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wanapatwa zaidi na kikohozi na pumu. Basi ukiona madoa meusi nyuma ya kitanda cha mtoto, usifute tu. Tafuta maji yanapitia wapi.

Wamama, mstari mmoja wa matofali na kipande cha plastiki ni gharama ndogo simenti ikiwa bado katika mfuko. Ikishamwagwa, kurekebisha ni kuvunja. Kwa hiyo fundi atakapokuja kupima barza, usiende jikoni ukidhani hayo ni mambo ya wanaume. Simama pale na kalamu yako ya bic, upime naye. Pesa ni yako, na watoto watakaolala nyuma ya ukuta huo ni wako.