Mali Bila Daftari: Tuombe Nakala ya Kumbukumbu Zetu za Udereva



Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leseni ya udereva nayo ni mali, na kwa wengi wetu hapa Uingereza ndiyo mlango wa riziki. Wako ndugu zetu waendeshao teksi, wako wasambazao mizigo, na wako wanaojitolea kuwachukua watoto madrasa na wazee hospitali. Daftari la mali hiyo lipo, ila hatulishiki sisi. Liko Swansea, katika nchi ya Wales, kwenye idara ya serikali iitwayo DVLA, ambayo huhifadhi kumbukumbu za madereva wa England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina idara yake mbali. Mwezi huu tumeonelea tulizungumze daftari hilo: limeandikwa nini, nakala yake huombwa vipi, na kwa nini haifai mtu kungoja mpaka asomewe na mwingine.

Kumbukumbu hizo huonyesha aina za magari tunayoruhusiwa kuendesha, tarehe ya leseni kumalizika, pointi za adhabu, na kama mtu amewahi kufungiwa kuendesha. Kila kosa huandikwa kwa alama yake. SP30 ni kupita kiasi cha mwendo barabarani, na hubeba pointi 3 mpaka 6. CU80 aghalabu ni kushika simu huku ukiendesha, na hilo ni pointi 6. IN10 ni kuendesha bila ya bima, pointi 6 mpaka 8. Makosa mengi hubaki katika kumbukumbu kwa miaka 4. Mazito, kama kuendesha mtu akiwa amelewa, hubaki miaka 11. Mwenye kufikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 yumo hatarini kufungiwa na mahakama. Na vijana wetu walio wapya wajue kwamba ndani ya miaka 2 tangu kufaulu mtihani wa mara ya kwanza, pointi 6 tu zatosha kuipoteza leseni, ikabidi kuanza upya na kufanya mitihani yote miwili.

Wazee wetu wengi wangali wakiamini kwamba habari hizi zimo katika ile karatasi iliyokuwa ikifuatana na kadi ya leseni. Karatasi hiyo ilifutwa tarehe 8 Juni 2015, na tangu siku hiyo haina nguvu yoyote. Wenye leseni za zamani za karatasi tupu, zilizotolewa kabla ya kadi za picha kuanza mwaka 1998, leseni zao ni halali, lakini pointi mpya haziandikwi humo tena. Atakayetaka kujua hali yake sharti aiulize idara yenyewe.

Kuuliza si kazi ngumu. Anayetumia intaneti huingia katika tovuti ya serikali, GOV.UK, kwenye huduma ya kutazama leseni. Hutakiwa mambo matatu: nambari ya leseni, nambari ya National Insurance, na postikodi iliyomo katika leseni. Huonyeshwa kumbukumbu zake hapo hapo, naye huweza kuzichapisha akaziweka. Huduma hii haina malipo. Basi mkiona tovuti nyingine inawadai pauni kadhaa kwa kazi hiyo hiyo, iacheni. Asiyetumia intaneti aweza kupiga simu au kuandika barua kwa idara hiyo. Tena sheria ya kulinda habari za watu inampa kila mmoja haki ya kudai nakala ya habari zake mwenyewe bila ya malipo, na kwa kawaida jibu latakiwa kutolewa ndani ya mwezi mmoja.

Mwajiri, au kampuni ya kukodisha magari, akitaka kuona leseni yako, hakuna haja ya kumkabidhi nambari yako ya National Insurance. Huduma ile ile hukutolea nambari maalumu ya kumpa, ambayo hudumu siku 21. Yeye huitumia pamoja na herufi na tarakimu 8 za mwisho za nambari ya leseni yako, akaona yanayomhusu na basi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Familia zetu huhama mara kwa mara, na gari moja huendeshwa na watu wengi: gari limeandikwa jina la baba, anayeliendesha ni mtoto au shemeji. Kamera ikipiga picha, barua huenda kwa mwenye kuandikishwa gari, katika anwani iliyoko kwenye kumbukumbu. Yeye hupewa siku 28 za kueleza ni nani aliyekuwa akiendesha. Ikiwa amehama bila ya kuarifu, barua huangukia mlango wa watu wengine, na kutojibu ni kosa la peke yake, MS90, lenye pointi 6. Mtu aweza kuhukumiwa hali ya kuwa hana habari, akaja kujua siku anapoomba kazi au bima inapopanda. Aliyefikwa na haya England au Wales asikate tamaa: aweza kula kiapo mbele ya mahakama kwamba hakuijua kesi, na afanye hivyo ndani ya siku 21 tangu kujua. Hukumu ile huondoka, kesi ikaanza upya. Lakini atajuaje bila ya kuitazama kumbukumbu yake? Anwani nayo hubadilishwa bure, na kutoarifu kwaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000. Arifuni kwa leseni na kwa kitabu cha gari pia, kwani ni vitu viwili mbalimbali.

Na liko jambo jingine, ambalo twalisema kwa mapenzi. Husikika watu wakisema, "Pointi zangu nyingi, nichukulie wewe hizi, mke wangu." Huo si msaada, ni ushahidi wa uongo. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, na Vicky Pryce, aliyekuwa mkewe, walihukumiwa kifungo cha miezi 8 kila mmoja mwezi Machi 2013, kwa pointi za mwendo wa mwaka 2003 alizozichukua mke kwa niaba ya mume. Kosa la faini ndogo liligeuka kuwa jela, baada ya miaka 10. Kadhalika kuificha kampuni ya bima makosa inayoyauliza kwaweza kuiangusha bima siku ya ajali, siku ile inapohitajiwa.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu wake. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 aghalabu wana ruhusa ya D1 ya kuendesha basi dogo lisilo la biashara. Waliofaulu baada ya hapo hawana ruhusa hiyo moja kwa moja, bali wana masharti ya kutimiza. Kabla ya kumkabidhi mtu watoto wa madrasa, kamati na iombe kuona kumbukumbu zake. Asione vibaya dereva anayeombwa: watoto ni amana, na anayeulizwa juu ya amana hajatukanwa.

Basi tunawashauri kila nyumba itenge siku moja katika mwaka, kila mwenye leseni atazame kumbukumbu zake, ahakikishe jina, anwani na pointi, na aiweke nakala pamoja na pasi na vyeti vya watoto. Vijana wawasaidie wazee wao wasioizoea intaneti. Penye kosa, idara iandikiwe mapema, kabla ya mwajiri kuliona.

Mwenyezi Mungu atulinde barabarani, sisi na watoto wetu. Amin.