Goti la Akhwari Tulipumzishe

Jamani waandishi wenzangu, goti la John Stephen Akhwari limechoka. Nasema hivi mimi mtoto wa Mbulu, mwenye kidato cha nne na daftari tatu za riwaya isiyo na mchapishaji, kwa hiyo sina cha kupoteza. Kila anayemwandika anaanzia pale pale: Mexico City, Oktoba 20, 1968. Mkimbiaji anaanguka, goti linateguka, anafungwa bendeji, jua linazama, anachechemea kuingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kisha inakuja ile kauli kwamba nchi haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Machozi. Mhariri kafurahi, hadithi imekwisha.

Sikatai kwamba yalitokea. Walianza watu 75, wakamaliza 57, naye ndiye wa 57. Wale 18 waliobaki njiani, nani anawataja? Ni jambo kubwa alilofanya. Ninachokataa ni kuchukua siku moja ya mtu na kuifanya ndiyo mtu mwenyewe.

Hebu niwaulize: miaka miwili baadaye alikuwa wapi? Najua mtanyamaza. Alikuwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akhwari yule yule, na goti lile lile, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Akawa wa tano. Sasa shikeni kalamu. Mwaka 1978 kule Edmonton, Kanada, Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika michezo hiyo hiyo kwa saa 2:15:39. Yaani huyu tunayemwonea huruma alishakimbia kwa kasi kuliko dhahabu hiyo, tena kwa sekunde 34! Mtaniambia njia hazifanani, na kwenye marathoni mtu hashindani na saa bali na wenzake. Sawa. Lakini mtu wa namna hiyo si wa kusikitikiwa, bwana. Ni fundi.

Hapo hapo Scotland, kuvuka maji kutoka Edinburgh, kuna mji wa St Andrews, na pale kuna marehemu mmoja ninayemwonea wivu. Tom Morris alishinda mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza mara nne, kati ya 1861 na 1867. Lakini watu wa kwao hawakuishia kwenye vikombe. Wanakumbuka kwamba kuanzia miaka ya 1860 hadi 1903 alikuwa mtu wa klabu: akitunza nyasi, akitengeneza fimbo za kuchezea, akiwafundisha wageni na wenyeji. Shimo la 18 la uwanja ule wa zamani linaitwa kwa jina lake. Na kwa taarifa yenu, mzee huyo alikufa mwaka 1908 baada ya kuporomoka kwenye ngazi. Mimi sijasoma habari zake zinazoanzia kwenye ngazi.

Sisi je? Akhwari alirudi Mbulu, akashika jembe. Mwaka 1983 akapewa nishani ya ushujaa. Mwaka 2000 akaalikwa Olimpiki ya Sydney. Mwaka 2008 akashika mwenge wa Beijing ulipopita Dar es Salaam. Heshima zote hizo alistahili, lakini angalieni vizuri: kila alipoitwa, lilikuwa linaitwa goti. Edinburgh haikumwitia mtu.

Nasi tunaojiita waandishi tumekubali. Filamu ya Mexico ilisambazwa duniani na Mmarekani, Bud Greenspan, naye alifanya kazi yake, simlaumu. Nailaumu kalamu ya kijana wa hapa anayekopi filamu ya mtu mwingine halafu anaiita hadithi yetu. Huo ni ubabaishaji. Ndiyo maana huku kwetu hatusikiki mpaka tuanguke. Katesh ilijulikana nchi nzima Desemba 3, 2023, Mlima Hanang uliposhusha matope na mawe, watu zaidi ya 80 wakafa. Wangapi waliwahi kuitaja Katesh kwa sababu ya Shahanga, ambaye mwaka 1982 aliongeza dhahabu nyingine, ya mita 10,000, mjini Brisbane?

Mtu akiniambia kuanguka ndiko kunakouzika, namjibu kwamba bado hajajifunza kuandika. Kuanguka kunajiandika kwenyewe. Kazi iko kwenye siku ambazo hakuna kinachotokea, mtu anaamka gizani, baridi ya Mbulu inauma, anafunga viatu.

Mimi nautaka mwaka 1969. Uko katikati ya Mexico na Edinburgh na hauna kamera. Goti lilipona lini? Alianza kukimbia tena kwenye barabara ipi, na mara ya kwanza alifika wapi kabla ya kusimama? Mahindi yake alipalilia nani? Nani alimwambia aache, na yeye alimjibu kwa Kiiraqw au kwa Kiswahili? Kama yupo mzee wa kwetu aliyemwona akipita mwaka ule, mniambie kijiji. Nauli nitakopa.