Asiyechangia Leo, Kesho Huenda Ni Wewe

Tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, SHIF. Asiye na mshahara, akiwemo mchuuzi, hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Malalamiko hayakukawia: kwa nini mwenye duka amlipie hamali, mkimbizi au ombaomba asiyechangia chochote?

Swali hilo lina uzito, hasa pale fedha zinapoliwa kwa madai ya matibabu hewa. Lakini dawa ya wizi ni ukaguzi, si kumfungia mnyonge mlango wa hospitali.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kuwa maradhi hayana pasipoti. Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, Julai 2024, aligunduliwa katika kituo cha mpaka cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Na hamali anayekohoa bila kutibiwa ndiye huyo huyo anayebeba magunia ya soko zima.

Kuna la pili. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Mama wa Busia ya Kenya akishikwa na homa upande wa pili, anayemgharamia ni mlipakodi wa Uganda. Akivuka mpaka tu, mchangiaji amegeuka asiyechangia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungulia mizigo njia. Sasa mawaziri wakubaliane nani atamlipia mgonjwa wa mpakani. Leo ni kwake, kesho ni kwako.